Mita kwa Gramu

Jumatatu, 4 Mei

Mdogo wangu,

Simu hupokei. Meseji unasoma, tiki mbili zinageuka buluu, kisha kimya kama umezimeza. Basi nimenunua karatasi. Karatasi haina tiki, kwa hiyo nikikosa jibu nitajidanganya kwamba haijafika.

Mimi mzima. Goti la kulia ndilo lenye maneno. Duka lipo. Jumamosi nilitengeneza baiskeli kumi na moja, na tisa kati ya hizo zilikuwa na ugonjwa mmoja, cheni kavu. Watu wanapaka nywele zao mafuta kila asubuhi lakini cheni hawaikumbuki.

Nina jambo moja tu. Mwaka huu safari ya baiskeli mlimani inatimiza mara ya kumi. Ya kwanza tulikuwa watu kumi na tisa, na wanne kati yao ni wateja niliowatishia kwamba sitawazibia tena pancha. Mwaka jana walipanda 212. Siku hizi hakuna anayeiita kwa jina lake refu, wanasema tu, "Unaenda Gramu?" Na kila anayekwenda anajua kwa nini njia ina mwinuko wa mita 1,140, si zaidi wala si pungufu. Wafadhili wanaahidi kwa mita, na kila mita ni gramu moja ya mwanao, kama ilivyoandikwa kwenye kadi ya wodini: mtoto wa kiume, gramu 1,140. Wiki sita nilizunguka mlima ule na saa ya kupimia mwinuko mpaka nikaipata njia yenye hesabu hiyo. Haya yote unayajua. Narudia kwa sababu hujawahi kusema neno juu yake.

Mashine za joto tulizoinunulia wodi zimefika nne. Muuguzi mkuu anasema zimeshalaza watoto njiti 638. Ningekuwa na mdogo mwenye ulimi, labda angenipa pole ya kazi.

Siku hizi tuna kamati. Mwenyekiti ni yule mwenye duka la rangi, aliyeniita mwendawazimu mwaka wa kwanza. Kamati inataka kumlipa mtu awe mfagiaji, yule anayepanda nyuma ya wote, anakusanya tepe za kuonyesha njia na kuhakikisha hakuna aliyebaki porini. Miaka tisa nimefagia mimi, na goti limekataa. Nimewaambia hatumlipi mtu. Nafasi ya mwisho ni ya baba mtoto, na baba mtoto mwaka huu anakuja.

Ni Jumamosi, tarehe 8 Agosti. Baiskeli nimekuwekea tayari, hata kiti nimekipandisha kwa urefu wa miguu yako. Njoo.

Dada yako


Ijumaa, 29 Mei

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika. Pole na goti.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile ya lifti. Jengo ninalolitunza lina lifti sita na ghorofa ishirini na mbili, na sehemu kubwa ya siku niko ndani ya shimo la lifti, tochi kichwani, nikiwasikia watu wakizungumza wanaponipita juu. Namjua aliyegombana na mwenzake ghorofa ya tisa na anayetafuta kazi nyingine kwa siri ghorofa ya kumi na nne. Wao hawanijui. Si kazi mbaya.

Agosti sitapata ruhusa. Mwenzangu tunayepokezana zamu anaoa mwezi huo. Mlipeni huyo mtu wa kufagia.

Na fulana usinitumie tena, tafadhali. Zinafika.

Mdogo wako


Alhamisi, 11 Juni

Mdogo wangu,

Nimehesabu maneno yako, hayafiki mia. Mwaka juzi ulikuwa na mafua. Mwaka jana pasi ya kusafiria ilikuwa imekwisha muda. Mwaka huu anaoa mtu nisiyemjua. Mwakani sijui ataumwa mbwa wa nani.

"Zinafika." Fulana tisa nimekutumia, moja kila mwaka, saizi yako, nimezikunja kwa mikono yangu baada ya kuinawa na sabuni ya unga mara tatu ili grisi isiziguse. Unazijibu kama bili ya maji.

Ukubwa jaa, nakubali. Kila taka inatupwa kwangu. Wazazi walipoondoka nilikuwa na miaka kumi na saba, pampu moja na kopo la gundi. Sikupata mtoto wa kumzaa. Nilikupata wewe, una miaka saba na meno mawili yanayotikisika. Viraka vya tyubu ndivyo vilivyokusomesha mpaka ukaitwa fundi wa mitambo, na sijawahi kukusimanga. Leo nakusimanga.

Baada ya msiba ule nani alibaki hapa? Mkeo alirudi kwao, kila mmoja akimwona mtoto usoni mwa mwenzake. Wewe ulijifungia wiki tatu, kisha ukafunga sanduku. Mimi nikabaki na hesabu. Wodi ilikuwa na mashine tatu na watoto njiti watano. Watano ukitoa watatu wanabaki wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa wetu. Baridi ilimuua mtoto wetu, na mimi nikaamua kuishika baridi koo. Ndiyo maana kila mwaka, kabla hatujaanza kupanda, mtangazaji anawaambia watu kwamba mtoto yule alikufa kwa baridi, na wote wananyamaza dakika moja. Ndiyo maana bango na fulana zinasema ASIFE MWINGINE KWA BARIDI. Kila mwaka nakutumia video uone watu wazima, tena wenye vitambi, wakifuta macho kwa ajili ya mwanao.

Nikwambie na hili, kwa vile karatasi haina sura. Siku ya Gramu ndiyo siku pekee katika mwaka ninayokula nikiwa nimekaa na watu. Siku nyingine zote nakula nimesimama kwenye meza ya kazi, sahani kando ya spana, kwa sababu kukaa peke yangu na chakula kunakifanya kiwe kirefu.

Usipokuja safari hii nitajua mtoto yule amebaki na ndugu mmoja duniani, na ndugu huyo ni mimi.

Dada yako


Alhamisi, 2 Julai

Dada, shikamoo.

Hii ni mara ya tano ninaiandika. Nne nimezichana.

Fulana zote tisa ziko kabatini, ndani ya mifuko yake. Nilifungua ya kwanza, nikasoma kifuani, nikairudisha. Nyingine sikuzifungua.

Wewe ulikuja wodini siku ya kwanza. Uliisoma kadi, ukauliza kinachotakiwa, ukaondoka kukitafuta. Najua uliyoyafanya siku zile: dawa, pamba, kugombana na mganga mkuu, kuzunguka hospitali nyingine kuazima mashine. Sikulaumu. Lakini hukurudi ukakaa, kwa hiyo kuna mambo huyajui. Sikukwambia, na kosa hilo ni langu.

Mashine zilikuwa tatu na watoto watano, kweli. Ila wale wawili hawakuachwa kwenye baridi. Muuguzi alinivua shati, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akamweka mwanangu kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa shuka. Mama yake alikuwa wodi nyingine na homa ya mshono, haruhusiwi kuinuka. Basi mashine ikawa mimi. Siku kumi na tisa. Nilitoka kwenda chooni na kuoga, muuguzi akinipokea kwa dakika chache. Nilijifunza kupiga chafya bila kutikisika. Kila baada ya saa tatu walimpima joto: thelathini na sita na nusu, thelathini na sita nukta saba. Alikuwa na joto, dada. Hata mara moja hakupata baridi.

Na gramu 1,140 ni siku aliyozaliwa. Siku ya tano alishuka mpaka 1,045, nikadhani ninamyeyusha. Muuguzi akasema wote hushuka, nisubiri. Siku ya kumi akarudi 1,140. Siku ya kumi na tisa alikuwa 1,310. Muuguzi aligeuza mizani niione mwenyewe, akaniambia, "Baba, umemnenepesha." Sijawahi kuambiwa neno zuri kama hilo, kabla yake wala baada yake.

Maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu na hakuna aliyejua. Siku ya ishirini hawakumpima.

Sasa kila mwaka inaingia video. Nakuwa peke yangu jikoni, ghorofa ya kumi na moja, namtazama mtu mwenye kipaza sauti akiwaambia watu mia mbili kwamba mwanangu alikufa kwa baridi. Wanainamisha vichwa. Mimi nasikia kwamba kile kitu kimoja nilichoweza kumpa, sikumpa.

Mashine nunueni. Mtoto asiye na kifua cha mtu anaihitaji, hilo nimeliona kwa macho. Lakini mwanangu mtoe humo. Nakuomba.

Mdogo wako


Jumanne, 14 Julai

Mdogo wangu,

Barua nimeipata.

Fulana 231 zimeshachapishwa. Bango limeshatundikwa.

Nitaandika.

Dada yako


Jumatatu, 20 Julai

Mdogo wangu,

Unasema nilikuja wodini siku ya kwanza tu. Nilikuja mara mbili.

Siku ya kumi na mbili nilikuja na chupa ya chai. Mlango wa wodi ulikuwa na kioo. Nilikuona kwenye kiti cha plastiki, huna shati, umefumba macho, na kifuani pako kofia ndogo ya sufu. Yeye simwoni, naona kofia tu, inapanda na kushuka kwa pumzi zako. Nimekulea mimi. Nilidhani huna sura nisiyoijua, na ile sikuijua. Nikajitazama, kucha nyeusi za grisi, chai mkononi, na mahali pale hapakuwa na kazi yangu. Mimi mahali pasipo na kazi yangu sijui nisimame vipi. Nikampa chai mlinzi wa getini, nikaenda kugombania mashine ya kuazima, kwa sababu kugombana nakujua.

Kwa hiyo nilikuwa nimeona. Niliona kwa macho yangu kwamba mtoto yuko kwenye joto. Alipokufa hesabu ikaniambia vingine, nami nikaifuata hesabu, maana hesabu haijawahi kunitupa. Watano kutoa watatu. Sikukuuliza hata mara moja. Miaka tisa nimekutukana kwa kipaza sauti, nikidhani nakuimba.

Nisamehe. Nimeandika neno hilo nikalitazama, nikaona ni dogo, lakini sina saizi nyingine.

Nimefanya haya. Bango nimelikata kwa kisu cha kukatia raba, limebaki na tarehe, saa na mahali pa kujiandikisha. Mtangazaji nimemwambia asome maelekezo ya njia na vituo vya maji, akimaliza apulize filimbi watu wapande. Hakuna dakika ya kunyamaza. Mwenyekiti amekuja dukani juu juu, akasema, "Mama Gia, bila mtoto watu watatoaje?" Nikamwambia watatoa kwa mita, kama wateja wako wanavyonunua rangi kwa lita, hawakuulizi rangi imefiwa na nani. Akauliza fulana 231 atazivaa nani. Nikamwambia watu watazivaa zimegeuzwa, ya ndani iwe nje. Akanitazama kama alivyonitazama mwaka wa kwanza, akaondoka bila kuaga.

Sasa nina swali, na ukinijibu nitakushukuru.

Nyuma ya kituo cha juu, pale watu wanapogeuza kuteremka, kuna kilima. Jana nilikipima. Nimekwenda na kurudi mara tatu mpaka nikafika kwenye jiwe moja lenye ufa, na saa yangu ikasema mita 170. Ongeza kwenye 1,140, upate 1,310. Nikiweka tepe mpaka pale, njia itakuwa na uzito wake wa mwisho. Sitamwambia mtu sababu. Watalalamika, nitawaacha walalamike.

Zamani ningekwisha kuziweka tepe hizo kabla wino wa barua yako haujakauka, nikakutumia na video. Safari hii nauliza kwanza. Ukisema ndiyo, naziweka. Ukisema hapana, au usipojibu, njia inabaki ilivyo.

Dada yako


Jumatatu, 10 Agosti

Dada, shikamoo.

Nilipelekwa mji mwingine kufunga lifti mpya, wiki tatu, na barua yako ilikaa chini kwa msimamizi wa jengo. Leo ndiyo ameniita kunipa. Nimeisomea pale pale kwenye ngazi. Nilitoa simu nikupigie, nikaona tarehe. Jumamosi imepita.

Ningesema ndiyo.

Hujui jinsi nilivyokaa pale kwenye ngazi. Watu walikuwa wananiruka.

Ile chai mlinzi aliniletea. Alisema ni ya mwanamke mmoja mwenye haraka. Nilijua ni wewe, maana ilikuwa na sukari ya kuua. Nilidhani ulikataa kuingia kwa sababu ulishaona kwamba hatapona, na hukutaka nikuone umejua. Miaka yote hii nimekuogopa kwa hilo.

Mdogo wako


Jumatano, 26 Agosti

Mdogo wangu,

Walipanda 224. Saba walikataa kugeuza fulana, wakapanda na mashati yao. Waliobaki walikwenda mlimani mishono nje, lebo zinapepea shingoni. Mmoja aliniuliza kama ni fasheni, nikamwambia ndiyo, imeingia juzi. Wamezipenda. Mwakani wanazitaka hivyo hivyo.

Filimbi ilipulizwa, watu wakapanda. Wengine walisita kidogo, walizoea kuinama. Mama mmoja anayekuja kila mwaka alinifuata, akanishika mkono, akauliza, "Na mtoto wetu leo?" Nikamwambia yuko na baba yake. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Kama nimekosea, niambie.

Jibu lako halikuwa limefika, na nilisema nitakachofanya, nikakifanya. Tepe ya mwisho niliifunga kituo cha juu kama siku zote. Nilisimama pale nikawatazama wote wakinywa maji, wakikipa kilima kisogo, wakiteremka. Unanijua. Kunyamaza mbele ya hesabu ambayo haijakamilika si kazi ya mtu mwenye damu yangu. Nilinyamaza. Kisha nikafagia nyuma yao, goti likinisema njia nzima, nikakusanya tepe 96, hakuna iliyobaki.

Fedha zimetosha mashine moja. Mwaka jana zilitosha mbili. Mwenyekiti ameliandika hilo kwenye ubao wa matangazo kwa rangi nyekundu, ya dukani kwake, na hanisemeshi. Anaweza kuwa na haki. Kuna watoto watakaohitaji ile ya pili, na sababu ya kuikosa ni mimi. Mwakani nitapiga milango zaidi, ila sitapiga na mwanao mkononi. Wakati wa kula nilikaa na watu kama kawaida. Walizungumza breki.

Barua yako ilifika Jumatano iliyopita. Kuhusu chai, unanisingizia. Mimi sikujua kitu. Ningekuwa najua ningevunja kile kioo.

Alhamisi nikafunga duka saa mbili asubuhi. Nikaandika "Narudi" mlangoni, bila saa, wateja wakadhani nimefiwa. Nilipanda. Mita 1,140 zile nilizipanda kwa gia ndogo kuliko zote, polepole, bibi wa miaka hamsini na minne akipitwa na vipepeo. Kituo cha juu sikusimama. Zile 170 nilizisukuma kwa miguu, maana baiskeli ilikataa na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana nayo. Dakika hamsini na tatu. Tepe sikuweka. Video sikupiga.

Pale juu hakuna kitu. Upepo na jiwe. Nilikaa chini. Nilitegemea nitalia, nikawa nimebeba na leso, lakini sikulia. Nilihesabu pumzi zangu kwa muda, kisha hesabu ikanipotea nikaiacha ipotee, nikakaa tu. Kazi haikuwepo. Nilikaa mpaka jasho likakauka na baridi ikaanza kunishika mgongoni, ndipo nikafikiri jinsi mtu anavyoweza kukaa siku kumi na tisa bila kujitikisa ili mwingine asishikwe.

Sikuombi uje. Nimeomba miaka tisa, nadhani inatosha. Lakini kuna kitu nataka.

Umenipa uzito wa siku nne: ya kwanza, ya tano, ya kumi na ya kumi na tisa. Zilizobaki unazo, najua unazo, usinidanganye kwamba umesahau. Niandikie zote, siku kwa siku, hata kwenye kipande cha karatasi, hata bila salamu.

Sitazifanyia chochote.

Dada yako